Meno ya Thirza na Pini ya Msiba

Mji mzima wa Whitby ulimpongeza Thirza Pybus kwa kung'olewa meno, na hata hayajang'olewa.

"Hongera, bi harusi!" wanawake walimpigia kelele kutoka milangoni. "Mkwe wa namna hiyo siku hizi unampata wapi?"

Maana huko kwetu, miaka ile ya thelathini, hiyo ndiyo ilikuwa zawadi ya heshima kwa msichana anayeolewa. Unapelekwa kwa daktari, meno yanang'olewa yote, mabovu na mazima, unavalishwa ya bandia, mume asije akasumbuliwa na gharama za meno maisha yake yote. Mama Leadley, mamake Reuben, alikuwa keshalipa. Kukataa ni kumtukana mkwe hadharani.

Shida ni kwamba Thirza alipata riziki kwa meno yale. Alifanya kazi kwa Mzee Amos Storr, muuza vito vya msiba vya kale, vile vyeusi wanavyovaa wafiwa. Watu walileta pini na mikufu ya mabibi zao, wakiapa ni jiwe jeusi la magenge yetu, lile lenyewe. Thirza alikigonga kito kwenye meno ya mbele. Cha bandia cha kioo cheusi kinalia, tena ni baridi. Jiwe letu halilii, jepesi, lina joto kama kifungo cha koti ulilolivaa. Laghai mkubwa ni mpira mgumu, ule unaopikwa kwa salfa: nao una joto, nao mwepesi, ila ukiusugua unanuka yai viza. Mzee Storr hakuwa na jino hata moja, kwa hiyo duka zima lilitegemea kinywa cha Thirza. Alimfundisha sharti moja tu: mteja alie, azimie, ukweli aambiwe.

"Reuben, sema na mama yako," Thirza alimsihi mchumba wake, mkausha samaki kwa moshi.

"Niseme nini, na mimi mwenyewe namwogopa? Isitoshe, meno mapya yatakupendeza."

"Kama ni mazuri hivyo, ng'oa yako!"

Reuben alicheka, wala hakung'oa.

Siku moja kabla ya kwenda kwa daktari, Mama Leadley aliingia dukani na kitambaa mkononi.

"Mwanangu, nijaribie hii kabla meno hayajatoka," alisema. "Yakishatoka nitamwendea nani? Marehemu mume wangu alininunulia tulipomzika mama."

Ilikuwa pini ya kifuani, yenye mkono ulioshika shada la maua. Ukingoni ilikuwa imepauka, ikawa rangi ya chai. Thirza aliigonga kwenye meno. Haikulia. Akaisugua kwa kidole gumba, akainusa. Yai viza! Hasira za juma zima zikampanda.

"Mama, hii ni kitu kilekile kinachoshika meno yako ya bandia."

Mama Leadley alichomoa meno, akayaweka juu ya kaunta mbele ya Mzee Storr, akasugua fizi zake nyekundu za kununua, akanusa. Akanusa pini. Akanusa tena fizi. Uso ukamng'aa, kisha ukamporomoka.

"Kumbe meno yangu nayo ni jiwe jeusi, kama pini yangu!" alisema kwa kinywa kitupu.

"La, mama, siyo..."

"Mungu wangu! Miaka yote hii nina msiba mdomoni! Nimeimba nao kwenye ubatizo, nimechekea nao harusi za watu! Na wewe nilitaka uingie kanisani na matanga kinywani? Uchuro gani huu! Basi, kesho huendi popote. Si jiwe jeusi hili, Thirza? Sema, mwanangu, maana wewe husemi uongo."

Mzee Storr alimtazama Thirza. Thirza alipitisha ulimi kwenye meno yake, juu na chini.

"Ndiyo, mama," alisema. "Jiwe jeusi lenyewe."

Mzee Storr aligeuka, akaanza kufuta kioo ambacho hakikuwa na vumbi. Jioni ile hakumuaga.

Harusini Thirza alicheka hadi magego yakaonekana. Alikuwa na raha, niseme ukweli. Kisha nyama ya kuoka ikaletwa, akamwona mkwe wake amekaa meza ya mbele, mashavu yamebonyea, mdomo umefumbwa kama mfuko uliokazwa kamba. Meno aliyaacha nyumbani.

"Mama, mbona huli?"

"Nile na msiba, siku yako?" Mama Leadley alijibu, na maneno yakamtoka kwa mate. "Siwezi kukufanyia hivyo, mwanangu."

Thirza angeweza kumwambia ukweli palepale. Badala yake alivuta sahani ya mkwe wake, akaanza kuikata ile nyama, vipande vidogo, kisha vidogo zaidi, huku machozi yakimtiririka na watu wakisema bi harusi ana furaha.