Fundo Lililofunguliwa Taveta

Harufu ya pasi ya mkaa ndiyo iliyoniamsha. Mama alikuwa ananyoosha suruali ya baba ya kanisani, na moshi kidogo ulikuwa umechanganyika na unyevu wa migomba iliyoota hadi ukutani mwa nyumba yetu ya Kilema. Haikuwa Jumapili. Tulikuwa tunakwenda Kenya, baba, mama na mimi, na wiki nzima nilikuwa nimewatambia wenzangu shuleni kwamba nakwenda ng'ambo. Mmoja aliniuliza kama nitapanda ndege. Nikamjibu kwamba kuna nchi za nje ambazo mtu anafika kabla chai haijapoa tumboni.

Safari yenyewe haikuwa ya matembezi. Shangazi Leokadia, mdogo wake baba, aliolewa Taveta na Mtaita wa dhehebu jingine, na posa ilipoletwa baba alikataa kukaa na wageni. Aliwaacha barazani, akaenda kupogolea kahawa mpaka wakaondoka. Shangazi akawafuata kwa miguu yake, na tangu hapo hakukanyaga tena Kilema. Krismasi zikapita, ukoo mzima ukirudi nyumbani kutoka Dar na Arusha, na bibi akiweka pembeni fungu la nyama la binti ambaye hakuja. Mwaka ule bibi alichoka. Alikwenda mwenyewe kwenye uzio wa kihamba, shamba la ukoo, akachuma jani la isale, akamkabidhi baba bila kumhubiria. Kwetu Wachaga, aliyekosa hulipiga jani hilo fundo na kumpelekea aliyemkosea kuomba msamaha, na si rahisi kulikataa. Baba alilifunga, akalilaza ndani ya gazeti kama mtu anayebeba yai.

Tuliteremka mpaka Himo, joto likatupokea, kisha tukaelekea Holili. Pale mpakani nilitazama chini muda wote nikitafuta ule mstari uliochorwa kwenye ramani ya shule. Sikuuona. Udongo ulikuwa uleule, mbuzi walikuwa wanavuka bila kuulizwa chochote, na ng'ambo mlima ulikuwa bado unatutazama, ila kilele cha Mawenzi kilionekana kimesogea mbele kama mtu anayetaka kusalimia kwanza. Nilisikitika kidogo. Baba hakuona lolote kati ya hayo. Alikuwa kama anayekwenda kufanya mtihani, na kila baada ya muda aligusa lile gazeti.

Shangazi hakuwepo, alikuwa sokoni. Tulipokelewa na mama mkwe wake, mama mnene mwenye sauti ya upole, ambaye alipokea shikamoo zetu, akatuketisha, akatuuliza habari za Tanzania kana kwamba tumetoka mbali sana. Baba aliliweka jani mezani ili apate kunywa maji. Yule mama alilitazama, akamsifu kwa kuleta ua, akaona limejikunja njiani. Kwa vidole vya taratibu akalifungua fundo, akalinyoosha, akalitumbukiza kwenye bilauri ya maji katikati ya meza. Mama yangu alinifinya paja nisicheke. Baba aliinua mkono, akaushusha. Angesemaje? Kumweleza maana yake kungekuwa kumweleza pia kwamba wageni waliowahi kuachwa barazani kwetu walikuwa watu wake.

Shangazi aliingia na kikapu, akatuona, akasimama. Sikuwa namkumbuka, lakini paji la uso lilikuwa la bibi. Macho yake yalikwenda kwenye bilauri, yakakaa hapo. Jani lilikuwa bado na alama ya mkunjo.

"Nani amelifungua?" aliuliza.

"Mama mkwe wako," baba alijibu, akiwa ameinamisha kichwa.

Shangazi alicheka kidogo, akajifuta jicho kwa ncha ya khanga. "Basi kaka, wa huku wamekusamehe kabla yangu." Kisha akalitoa jani majini, likichuruzika, akamnyooshea. "Mimi bado. Lifunge tena, unipe kwa mkono wako."

Baba alilifunga mbele ya wakwe wote waliokuwa wamekusanyika, na jani lililolowa likawa linamteleza. Hakuna aliyemsaidia. Shangazi alingoja, akalipokea kwa mikono miwili, ndipo akamweleza mama mkwe wake kila kitu, na yule mama akashika mdomo, kisha akacheka kuliko wote. Krismasi ile bibi alikuwa na wanawe wote mezani.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa njiani. Nimeishi Mwanza, Kampala, Lubumbashi, na pasi yangu ya kusafiria imejaa mihuri ambayo mingine siikumbuki ilikotoka. Siku hizi hata kugombana kumekuwa rahisi. Mwezi uliopita mtoto wa shangazi, anayeishi Taveta, alitupiana maneno na mdogo wangu kwenye kundi la ukoo la WhatsApp, akajitoa. Watu wakaweka vikatuni vya kulia, mwingine akatuma picha ya maua, na kufika jioni tulikuwa tunajadili michango ya kipaimara. Nimempigia huyo binamu mara kadhaa, hapokei. Mdogo wangu anasema atatulia tu, tumpe muda. Nimemwambia anyooshe shati. Kesho asubuhi tunakwenda Taveta.