Chupa Iliyopasuka Siku ya Diploma

Siku niliyopata diploma yangu ya Serikali, baada ya miaka mingi ya masomo ya jioni, nilikuwa na mimba ya miezi saba na nusu, na tumbo pana kuliko soko la Nyawera. Kwetu Bukavu mtu akishinda mtihani wa diploma hiyo hapewi mkono tu, anamwagiwa poda kichwani. Mimi nilimwagiwa poda ya Kivu Kusini nzima. Halafu bwana yangu, kwa furaha, akaongeza ndoo ya maji.

Nilicheza, nikacheka mpaka mbavu zikaomba likizo. Nikaenda kubadilisha kikwembe nilichojifunga kiunoni. Kufumba na kufumbua, kikwembe kikavu nacho kikalowa.

"Eh, diplomée!" wifi yangu akapiga makofi. "Kucheka kwako kote, sasa unajikojolea!"

Nyumba nzima ikaangua kicheko, mimi wa kwanza. Lakini mukojo mtu anaubana. Haya maji niliyabana, yakaendelea kutoka. Tena yalikuwa vuguvugu, na ya ndoo yalikuwa baridi. Nikaacha kucheka. Mtoto alikuwa bado hajaiva.

"Papa," nikamnong'oneza bwana yangu, "hii haiko maji yako."

Tulifika maternité, hospitali ya wazazi, kwa taxi, mimi bado mweupe kwa poda kama mzimu. Mlinzi wa lango alifanya ishara ya msalaba.

Mkunga, mama mfupi asiyechekacheka, akaniuliza: "Maji ilitoka kiasi gani?"

"Ndoo kumi, maman!"

"Moja," bwana yangu akasema. "Ni mimi nilimwaga."

Mkunga akatutazama kama wanafunzi waliochelewa. "Nataka kujua kama chupa imepasuka."

"Hapana, maman!" bwana yangu akajibu haraka. "Hakuna chupa ilipasuka. Kila mutu alikunywa kwa glasi."

"Papa, chupa ya uzazi! Ile mutoto iko anaogelea ndani." Akanigeukia. "Kama iko mukojo, rudia fête yako, ukacheze. Kama chupa imepasuka, unalala hapa, tunakukinga na microbe, vijidudu vya ugonjwa, tunatia mapafu ya mutoto nguvu. Leo usinizidishie: ilitoka kiasi gani?"

Basi nikasema kweli tupu, labda kwa mara ya kwanza tangu nibatizwe: "Kijiko cha chai, kila nikisimama."

Akanifuta poda na maji yote, akanivalisha pamba kavu, akanituma kutembea koridoni. Baada ya saa moja pamba ilikuwa imelowa, na haikuwa na harufu ya mukojo. Akanilaza, akachungulia kwa chombo chake bila kuingiza vidole, maana vidole huweza kupeleka microbe ndani.

"Kohoa."

Nilitaka kukohoa, naapa. Lakini nikakumbuka zile glasi za bwana yangu, nikapasuka kwa kicheko.

"Ni vile vile! Cheka tena!" mkunga akasema. Na kila nikicheka, maji yalichuruzika mbele ya macho yake. Akagusisha kikaratasi cha manjano, kikageuka bluu.

"Imepasuka, maman."

Nililala pale siku kumi na mbili, ambazo kwangu zilikuwa karne tatu. Dawa, sindano, joto kupimwa asubuhi na jioni. Bwana yangu alikatazwa kufungua kinywa karibu na kitanda changu.

Siku ya kumi na tatu binti yetu alitoka, mdogo kama mkate, akalia mpaka nadhani walimsikia hadi Luvungi, mbali kule bondeni. Mkunga akamsikiliza kifua, akaitikia kwa kichwa, akacheka hatimaye.

"Mapafu iko bien, iko muzuri. Ameshinda!"

Ndipo akamwona bwana yangu mlangoni, kopo la poda mkononi, ndoo ameificha nyuma ya mgongo.

"Papa! Rudisha hiyo nyumbani. Na ndoo pia!"