Ukwaju wa Bibi Kwenye Kituo cha Pamba

Pamba ikikaa juani inanuka vumbi, majani makavu na kajasho kidogo. Nikiipata harufu hiyo hata leo, nikiwa nimelala chini ya pikipiki ya mteja hapa Bariadi mjini, koo linakauka na tumbo linaanza kunguruma, maana vyote viwili vilipata mafunzo sehemu moja: kituo cha kununulia pamba kijijini kwetu, likizo ya mwezi wa sita. Shule niliiacha kidato cha pili, au tuseme yenyewe iliniacha, lakini somo la pale sijalisahau. Wakulima walifika na mikokoteni ya ng'ombe tangu asubuhi, wakapanga magunia yao foleni, halafu wakamsubiri karani wa mizani, mtu asiyekuwa na haraka na maisha. Jua la kwetu halina utani. Ndipo bibi yetu, mama yake baba, akasema watu wanakufa kiu na sisi tumekaa tunafukuza kuku. Tukauze juisi ya ukwaju.

Bibi alipika, sisi tukauza. Aliuchemsha ukwaju, akauchuja kwa kitambaa, akatia sukari na tangawizi, kisha akaimimina juisi kwenye mtungi uliofungwa gunia lenye maji ili ipoe. Kuni kwetu ni shida, kwa hiyo alipikia miti ya pamba iliyokauka na mavi ya ng'ombe, na moshi wake unaweza kuliza hata sufuria. Kwa kupika miaka yote hiyo, macho ya bibi yalikuwa mekundu kama nyanya. Sisi tulishayazoea. Meza yetu ilikuwa mlango mbovu uliolazwa juu ya matofali. Dada yangu Mbuke alipima, mimi nikaita wateja kwa makelele, na mdogo wetu Masanja akaonja. Kwetu anayekupa kinywaji anakunywa kwanza yeye, kidogo, mbele yako, ujue hakuna kitu ndani. Bibi hakukubali biashara ituondolee adabu hiyo, na Masanja hajawahi kupata cheo kitamu kama kile. Kizuri chajiuza, mtungi ulikuwa unaisha kabla ya saa sita. Bibi alikaa nyuma yetu kwenye kigoda, ananiita mume wake, anawauliza wateja kama wamewahi kuona mume asiye na meno ya mbele.

Halafu mtoto wa jirani akaugua ghafla. Wakaenda kwa mganga, na wakarudi na maneno kwamba amelogwa na mtu mwenye macho mekundu. Mganga hakutaja jina, na hakukuwa na haja. Kesho yake foleni ilikuwa ndefu na kiu ilikuwa ile ile, ila watu walipita mezani kwetu kama wanapita msibani. Mama mmoja alishapokea kikombe, akamwangalia bibi, akakirudisha taratibu.

"Chukueni, wanangu. Nina watoto nyumbani."

Tukaelewa wanamdhania bibi ametia kitu. Akili zetu tatu zikakusanyika, na zote zikijumlishwa hazikufika moja nzima: tukaamua kuonja kwa nguvu. Si funda tena, vikombe vizima, sote watatu, mbele ya kituo kizima. Mimi nikawa nahubiri, tazameni jamani, tunakunywa na hatufi. Tukanywa mpaka mtungi ukabaki na makapi. Sasa ukwaju, kwa asiyejua, ni dawa ya mtu aliyefunga choo. Masanja ndiye aliyeanza, akatapika pale pale kwenye mizani. Mbuke akakimbilia shambani. Mimi mhubiri nilimfuata katikati ya sentensi. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Letu lilikuja kwa njia ya tumbo.

Niliporudi, watu wamesogea mbali, na bibi amebaki peke yake na Masanja, anamnawisha uso. Nikawaeleza ni ukwaju tu, tumezidisha. Nikaeleza tena. Hakuna aliyebisha, ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Mzee mmoja akasema polepole, "Huyu hata wajukuu zake hawaachi."

Bibi akamaliza kumnawisha Masanja. Akaniambia, "Funika mtungi, mume wangu. Twende."

Baba alizunguka kwa marafiki zake kuwaeleza. Walimkaribisha viti, wakamsikiliza huku wanatazama chini. Kwetu vikongwe wameshakatwa mapanga kwa maneno mepesi kuliko hayo, na baba alilijua hilo kuliko sisi. Haikupita wiki, baba mdogo akaja na pikipiki, akampakia bibi na kifurushi chake kwenda Mwanza. Bibi akaniambia sasa nitafute mke mwenye meno. Nikacheka sana, kwa kuwa sikujua kitu kingine cha kufanya.

Siku hizi pale kituoni vijana wanauza soda na maji ya chupa. Hakuna anayeombwa aonje. Watu wanaamini kifuniko. Bibi anapikia gesi, na macho yameanza kutakata. Akinipigia simu ananitajia majirani mmoja mmoja, ananiuliza nani amemuulizia. Namwambia wote, bibi, wote wanakusalimia. Anafurahi, anasema basi atakuja pamba zikianza kuuzwa. Na mimi, ambaye gereji nzima inaniomba ninyamaze, namwambia asubiri kwanza, barabara ni mbovu. Barabara yenyewe ina lami mpaka Bariadi.