Ndiyo ya Mselem Lau

Katika darasa letu hakuna aliyekijua Kiingereza kumshinda Mselem Lau, na Kiingereza hicho hicho ndicho kilichomfukuzisha shule. Nalisema mapema ili msomaji asikae akingoja mambo yatengemae. Hayakutengemaa, nami kila nikiyakumbuka damu hunichemka.

Baba yake alikuwa Mchina. Alivuka kutoka Unguja kabla ya vita kununua majongoo bahari, akafika Tongoni, akamwona Mwanamkasi, akasilimu, akaoa, na safari yake ikaishia hapo. Jina lake la ukoo lilikuwa Lau. Watu wa Tongoni hawaachi kitu kipite bila mzaha, wakasema huyu bwana ana majuto gani hata ajiite lau, lau, kutwa nzima. Mzee wa watu alicheka nao, kisha akarudi kwenye jungu lake.

Jungu hilo nalijua kwa pua. Majongoo huokotwa maji yakipwa, yakapasuliwa, yakachemshwa, yakafukiwa mchangani, yakachemshwa tena na kukaushwa kwa moshi. Uvundo wake huingia mpaka kwenye nywele. Mwambao mzima hakuna anayeyala, ila huko Uchina ni chakula cha harusi, na hiyo ndiyo biashara iliyomlea Mselem.

Alikuja shule yetu ya sekondari mjini Tanga mwaka 1952, darasa la tisa. Shule ya Wahindi ilisema si Mhindi, ya Wazungu haikuulizwa hata kidogo, basi akaingia kwetu kwa upande wa mama yake. Mimi ni Kristofa, mtoto wa mkata mkonge wa Muheza, na nilipewa kitanda kilichopakana na chake. Wiki ya kwanza nilikwenda kuomba nihamishwe kwa sababu ya ile harufu. Wakanikatalia, tukawa marafiki.

Sasa Kiingereza chake. Sisi wengine tulitoka shule za misheni, tulikwisha kuwasikia Wazungu wakihubiri, wakitukana, wakiimba. Mselem alisoma shule ndogo ya kijijini kwao na hakuwahi kumsikia Mwingereza akifungua kinywa. Kiingereza alikipata kwa macho tu. Baba yake alikuwa akinunua kwa Wahindi magazeti makuukuu ya Kizungu, kwa ratili, ya kufungia majongoo kabla ya kuyatia guniani. Kila karatasi ilipita kwanza mikononi mwa Mselem. Baba yake akipiga kelele kuwa mzigo unachelewa, yeye anaitikia naye yuko mstari wa mwisho.

Matokeo yake, neno akiliona analijua, akilisikia halijui. Siku ya kwanza alipoambiwa asome mbele ya darasa, alikutana na neno la Kiingereza la kisu, linaloanza na K ambayo Wazungu wenyewe hawaitamki. Mselem hakuiacha K yatima. Akasoma "kinife". Darasa likaanguka kwa kicheko, na tangu siku hiyo jina lake likawa Kinife. Ernesti, mkubwa wa bweni letu, alimwita hivyo mpaka kwenye foleni ya uji. Basi Mselem akafunga mdomo wake, akawa hasemi Kiingereza ila akilazimishwa, na hapo anajibu mafupi kabisa. Kalamuni ndiko alikokuwa mtu.

Likizo moja nilimfuata Tongoni nikaona anavyojifunza. Alikuwa amekaa nje ya banda la kukaushia, karatasi ya mfuko wa saruji magotini, kaa la moto uliozimika mkononi. Gazeti lilisema Gavana alifungua daraja jipya mbele ya umati mkubwa. Mselem akaandika chini yake, kwa Kiingereza kile kile, neno kwa neno mahali pake: mama amefungua gunia jipya mbele ya kuku wengi. Gazeti likasema meli ya posta imechelewa kwa dhoruba. Akaandika: chai ya baba imechelewa kwa majirani.

"Mbona unaiga? Andika vyako," nikamwambia.

"Nakopa kanzu yao nimvike mtu wangu. Nikishajua mshono ulivyo, nitashona mwenyewe."

Mama yake, Mwanamkasi, alikuwa akipepeta mchele kibarazani. "Mwache, mwanangu," akaniambia. "Huyu tutamwoza gazeti. Mahari yake tutapeleka majongoo."

Tulicheka sana. Lakini baba yake hakucheka siku hiyo. Alimtazama mwanawe akasema kwa Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika, "Ukipita, unakwenda. Ukishindwa, jungu liko." Mselem aliniambia tukiwa njiani kurudi kwamba analiogopa jungu lile kuliko kaburi. Alitaka kuwa mwalimu wa Kiingereza, awafundishe watoto wa Tongoni waandike mambo ya Tongoni. Hakuwa na haja nyingine duniani.

Mlango wa kuendea huko ulikuwa mmoja. Mwisho wa darasa la kumi walichukuliwa wachache tu kuingia la kumi na moja, na wengine wote walirudi makwao na shukrani. Mtihani ulihesabiwa, na neno la mwalimu mkuu likahesabiwa zaidi. Mwaka 1953 mwalimu mkuu alikuwa mpya, Mwingereza tuliyemwita Bwana Hokini. Hakuwa mtu mbaya. Ningependa aandikwe kuwa mbaya, ingenirahisishia kazi, lakini alikuwa mpole, hakutupiga, na alijua majina yetu.

Alitupa insha ya kuandika: kazi ya baba yangu. Mimi niliandika mkonge, kurasa mbili za miiba na jua. Mselem aliandika majongoo. Baadaye niliisoma insha yake kwenye daftari, na naweza kusema mpaka leo sijasoma ya mwanafunzi iliyoipita. Aliandika kuwa baba yake huuza chakula ambacho wanawe hawawezi kukila, na kwamba jioni hukaa peke yake na bakuli lake akiwa ameupa mlango mgongo, asione watu wakiziba pua. Aliandika kuwa mtu anaweza kuzoea lugha ya ugenini na mke wa ugenini, ila ulimi wa kula hauhami. Yote kwa Kiingereza safi, koma mahali pake, nukta mahali pake. Ile kanzu sasa alikuwa ameishona mwenyewe.

Bwana Hokini aliisoma, na kesho yake akaingia darasani, akamwambia Mselem asimame asome kwa sauti. Masikini Mselem akasoma. Maneno yake mwenyewe aliyoyaandika kwa uzuri ule yakatoka yamevunjika miguu, kila herufi ikatamkwa hata zile ambazo hazitamkwi. Wengine wakaanza kuguna kwa kicheko. Nilimwona Mwingereza anavyobadilika uso, na niliona si hasira, ni masikitiko. Alikuwa akijiuliza vipi mdomo huu uwe na mkono ule.

Akamwuliza kwa Kiingereza, polepole, kwa sauti ya kumbembeleza. Upole ule ndio uliotuua. Angekuwa mkali angeuliza moja kwa moja, "Umenakili?" na Mselem angejibu sawasawa. Lakini Waingereza wakitaka kumstahi mtu huliuliza jambo kwa kulikanusha.

"Haya si maneno yako mwenyewe, Mselem?"

"No, sir," Mselem akajibu kwa nguvu.

"Hukuyanakili mahali, kitabuni?"

"Yes, sir!"

"Na huoni haya?"

Mselem akanyanyua kichwa. Sijapata kumwona amesimama wima namna ile. "Yes, sir," akasema.

Nataka msomaji anielewe hapa. Darasa zima tulimsikia akikana. Haya si maneno yako? Hapana, ni yangu. Hukunakili? Ndiyo, sikunakili. Huoni haya? Ndiyo, sioni, kwa nini nione? Alijibu kama ambavyo ungejibu wewe, kama ambavyo mama yangu angejibu, kama tulivyojibu sisi sote tangu tuanze kusema. Ernesti aliyembatiza Kinife akanong'ona nyuma yangu, "Kamweza leo!" Mimi nilikuwa natabasamu.

Bwana Hokini akafunga daftari. Akasema ameumia moyo, lakini anashukuru kwamba Mselem amekiri bila kuzungushazungusha, na kwa ajili ya ukweli huo hatalifikisha jambo hilo kwa wakubwa. Ila jina lake halitapelekwa kwa darasa la kumi na moja, na mwisho wa muhula asirudi.

Tukatazamana. Amekiri nini? Mselem alibaki amesimama, na nadhani neno lile la kukiri aliwahi kuliona gazetini mara mia, ila sikioni mwake halikuwa na maana yoyote. Alipofahamu akaanza kusema kwa Kiswahili, haraka haraka, "Nipe kalamu, Bwana, nipe kalamu niandike hapa hapa, chagua neno lolote." Bwana Hokini akamwinulia mkono kwa upole uleule. Mtu akishakiri, akasema, hakuna haja ya kumtesa kwa majaribio. Akatoka.

Bweni zima lilisema Mzungu amemwonea. Wengine walisema ni kwa sababu ya Uchina wake, wengine kwa sababu ya harufu, wengine walisema Wazungu hawapendi mtoto mweusi aandike vizuri. Hakuna hata mmoja wetu aliyesema ni ile "yes". Ungesemaje kosa ambalo hulioni kuwa ni kosa? Nilimsindikiza mpaka njia ya Tongoni na sanduku lake, na hakulia. "Nilimwambia kweli," akawa anarudia. "Nimemwambia kweli mara tatu mbele yenu." Nikamwambia ndiyo, sote tumesikia.

Nafasi yake ikawa wazi. Aliyekuwa akifuata katika majina nilikuwa mimi, Kristofa wa miiba na jua. Nikaingia darasa la kumi na moja, kisha la kumi na mbili, kisha chuo cha ualimu. Sikuiba kiti hicho, nilipewa, na sitaki mtu aniombee radhi wala aniombeshe. Lakini kilikuwa chake.

Chuoni, mwaka 1957, Mwingereza mama mmoja alikuja kutufundisha makosa ya wanafunzi wa Kiafrika. Akaandika ubaoni swali la kukanusha, chini yake "yes", akatueleza kuwa Mswahili hulikubali neno la muulizaji, Mwingereza huujibu ukweli wa jambo. Kwa hiyo, akasema, mtoto akikwambia "yes" hapo anakana, nanyi msije mkamdhania anakubali. Wenzangu walicheka, wakaanza kuulizana maswali ya mzaha. Mimi kalamu ilinianguka. Niliona nimekaa tena darasani Tanga, na nikasema moyoni laiti yule mama angefika mapema.

Likizo ilipofika sikwenda kwanza Muheza kwa wazazi wangu. Nilikwenda Tongoni. Nilijiambia namchukulia Mselem dawa. Nilikuwa na hasira tamu ya mtu aliyepata ushahidi, na nilitaka yeye awe wa kwanza kuushika.

Nilimkuta kwenye jungu, amevua shati, akikoroga kwa mti mrefu. Alikuwa amenenepa mabega na macho yamekuwa mekundu kwa moshi. Mwanamkasi nilimwamkia shikamoo, akanikaribisha, akasema mzee siku hizi haoni vizuri, kazi yote ni ya Mselem. Nilitafuta kwa macho karatasi, kaa, gazeti lolote lililokunjuliwa. Magazeti yalikuwa yamepangwa pembeni, yamefungwa kamba, hayajaguswa.

Nikamweleza yote. Nilimpigia mfano kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza. Nikamwambia hata mzee Lau ukimwuliza "Hujala?" atakujibu, kama wajibuvyo kwao Uchina, "Ndiyo, bado", kwa hiyo kwa baba na kwa mama lugha zote mbili zilimfunza vile. Nikamwambia Bwana Hokini hakujua, nasi hatukujua, na kosa si la yeye Mselem. Aliendelea kukoroga. Nilipomaliza akautoa ule mti junguni, akauegemeza ukutani, akaketi juu ya gunia.

"Kwa hiyo aliniuliza kama nimenakili, nami nikamwambia nimenakili."

"Hukumwambia hivyo."

"Kwa lugha yake nilimwambia."

Nikakubali, kwa kuwa ndivyo.

"Kristofa, miaka yote hii mimi ni mtu niliyeonewa. Naamka nikijua hivyo. Baba anajua, mama anajua, Tongoni yote inajua Mzungu alimwonea Mselem. Moshi huu nauvuta nikijua kwamba nilisema sawasawa na mwenzangu ndiye aliyedhulumu. Leo umetoka chuoni kuja kuniambia Mzungu wa watu aliuliza kwa wema, na mimi kwa kinywa changu nikajitupa humu."

"Nilidhani ungependa kujua."

"Ulidhani." Akasimama akaushika mti wake. Alizungumza bila kunitazama, na sauti yake haikupanda hata kidogo. "Kiti changu ulikikalia, sikukusema hata siku moja. Hasira yangu ungeniachia."