Usiku Moja Juu ya Udongo Muzima

Mama yangu hakununua nyungu hata moja bila kuipiga. Anaikamata mu mukono wa kushoto, anaigonga na kidole, anainamisha sikio. Muuzaji ananuna. Nyungu ikilia vizuri, inapanda ku kichwa. Ikilia sawa mutu mwenye mafua, anairudisha, anagonga ingine. Ile ilikuwa kwetu kaskazini, kabla baba hajapata kazi ya mugodi na kutuleta huku Kolwezi. Baba alipenda kofia sana, lakini hiyo ni habari ingine.

Ninasema ile nyungu kwa sababu mi nilirithi lile sikio, na sikio namna ile si zuri kwa mutu anayekaa Kasulo, mutaa wetu. Huku batu tulichimba kobalti chini ya nyumba zetu wenyewe. Sitajitakasa: mi nilitoboa sakafu ya jikoni, bibi yangu, mama wa batoto, akapikia nje masika mbili. Lakini shimo langu nililijaza. Kisha mwaka uliopita, siku moja, nikapiga kisigino chini karibu na kitanda, na udongo ukalia wazi, sawa nyungu tupu.

Kutoka siku ile sikulala. Ninageuka, ninasikiliza, ninasukuma kitanda ku ukuta huu, kesho ku ukuta ule. Bibi yangu alihamia kwa binti yetu. Alisema hakuolewa na fundi wa kusukuma bitanda.

Njo pale nikapata mawazo ya mulima. Kule kwenye milima ya parc, serikali inalinda kila kitu, hakuna mutu aliyechimba. Nilitaka kulala kule usiku moja tu, juu ya udongo muzima. Nikipata usingizi, ugonjwa ni wa nyumba, nitahama. Nikikosa, ni wa kichwa changu, nitanyamaza.

Nilimwambia jirani yangu kwamba silali, na kwamba ninataka mulima. Kiwanja chake kinagusana na changu, tulianza kazi ya mugodi siku moja, tena anasoma kunishinda. Alikubali mbio. Tukapanda taxi-moto mpaka upande wa Manika, mu ofisi yenye banaandika ruhusa ya kuingia parc. Mama wa pale akashika kalamu.

— Tata, motif ya kwenda kulala kule ni nini?

— Kulala.

— Hapa ni tourisme ao recherche: kutembea ao kutafuta.

— Mama, andika kulala.

Jirani akasogea mbele.

— Andika recherche, mama. Huyu tata anatafuta usingizi.

Yule mama akacheka, akaandika tourisme. Kisha akatusomea masharti: mulinzi anatembea na sisi, moto ni fasi moja tu, kuchimba hapana.

— Hata jiwe moja mu mufuko, tata. Batu ba Kolwezi tunabajua.

Basi tukaanza kupanga. Mi ninasema, yeye anaandika: maharagwe, samaki mukavu, tochi, blanketi mbili. Kesho yake blanketi tatu. Nilifunga mufuko, nikaufungua, nikaufunga tena. Hema tuliazima ku paroisse, kwa bapadri, na siku ya posho, Jumamosi, asubuhi tukataka kuijaribu mu kiwanja changu, nyuma ya dirisha la chumba. Jirani alikaa juu ya bidon ya maji na nyundo ku mapaja. Mi nilikuwa ninazunguka, ninapiga kisigino, ninatafuta fasi ya kupigilia bigingi.

— Usisumbuke, akasema. Simama pale karibu na ukuta, pale ni nzima. Njia ya shimo yenyewe inapita huku chini ya dirisha, halafu inakata kona ku kitanda yako.

Nikasimama. Mi nilimwambia tu kwamba silali. Dirisha sikumwambia, wala kona. Na alionyesha na nyundo fasi ya zamani ya kitanda, kabla sijaanza kukisukuma.

— Umejua namna gani?

Aliangalia nyundo.

— Jiwe ya kobalti ilikuwa inaenda kwako, ndugu yangu. Mi niliifuata tu, kutoka shimo langu.

Nilikuwa nimekamata kamba ya hema, sikujua niivute ao niiache. Na nitasema kweli: kitu cha kwanza kilichonipata ni furaha. Ugonjwa haukuwa wa kichwa changu. Hasira ilikuja nyuma, na ilipofika alikuwa amekwisha kusimama.

Aliweka nyundo juu ya hema, polepole.

— Ninaenda kutafuta betri ya tochi, akasema.

Karatasi ya bitu byetu ilikuwa mu mufuko wa shati lake. Akapita pembeni ya jikoni, akashika njia ya barabara, na mwendo wa mutu anayerudi sasa hivi. Hakurudi, wala kwangu wala kwake.