Kofia ya Jino

Jino langu lilianza kuuma wakati wa kupalilia mihogo, na mwanzoni hakuna aliyelijali, kwa sababu nyumbani kwetu Mkunya mtoto kuugua ghafla wakati wa kupalilia halikuwa jambo la kushangaza. Shavu lilipovimba ndipo nikaaminiwa. Bibi alinitafunisha mizizi michungu, mama akanikanda kwa chumvi ya moto, na baba, aliyekuwa mwalimu wa shule ya misheni, akapata habari kwamba kule chini Masasi amekuja daktari wa meno, Mzungu mgeni, atakayekaa hospitali ya misheni kwa muda mfupi tu.

Mama alikuwa na kitoto kichanga, kwa hiyo ilikuwa nishuke na baba. Lakini Bibi, mama yake baba, alisema mambo ya kinywa hayawezi kuachiwa mwanamume. Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Mdomo wake wa juu ulivaa ndonya, kile kisahani cha mti wa mpingo walichovaa wanawake wa Kimakonde wa rika lake, na meno yake ya mbele yalichongwa yakawa makali kama ya msumeno. Alikuwa akituambia wazi kwamba babu alimwoa kwa ajili ya meno hayo, mashamba yalifuata baadaye.

Tukapanda lori la mizigo sote watatu, tukateremka kutoka uwanda wa juu wa Newala hadi Masasi, nikiwa nimeshikilia shavu langu kila gurudumu lilipokanyaga jiwe.

Daktari alikuwa mrefu, pua imebabuka kwa jua, na hakujua Kiswahili hata cha kuombea maji. Aliyemtafsiria ni sista mmoja wa hospitali, mwanamke wa makamo, mkimya. Daktari alisema Kiingereza, sista akageuza kuwa Kiswahili, baba akageuza kuwa Kimakonde ili Bibi naye asikie, kisha maneno ya Bibi yakarudi kwa njia hiyohiyo. Baba alipenda kazi yake ya kutafsiri. Aliifanya kwa uangalifu mkubwa, hasa katika kuchagua ya kuacha.

Daktari alinichungulia akasema jino ni la utoto, lakini lising'olewe mapema, kwani meno ya jirani yatasogea na la ukubwani litakosa mahali pa kuotea. Atalisafisha, kisha alivike kofia.

Baba alipotafsiri, Bibi alikunja uso. Alisema kofia huvaliwa na wanaume, tena msikitini, na huyu mtoto ni wa kike. Aliongeza kwamba kama mwenye pua nyekundu hajui tofauti hiyo, pengine na meno hayajui.

"Mama anamshukuru daktari kwa kutoka mbali," baba akamwambia sista.

Sista aliinamisha kichwa, akasema kitu kifupi kwa Kiingereza, na daktari naye akainamisha kichwa.

Ndipo likatolewa boksi. Daktari alituwekea kofia tatu juu ya kitambaa: moja ya dhahabu, moja ya chuma king'aacho, na moja nyeupe ambayo ungedhani ni jino lenyewe. Tuchague.

Bibi hakuhitaji kufikiri. Alishika ya dhahabu, akaipeleka mlangoni penye mwanga, akauliza itakaa wapi. Alipoonyeshwa kwamba ni nyuma kabisa, alisikitika. Pambo lisiloonekana lina kazi gani? Akashauri daktari aihamishie mbele, jino la nyuma lijitafutie dawa nyingine.

Baba hakulitafsiri hilo kabisa. Yeye alikuwa ameitamani ile nyeupe tangu ilipotoka. Alikuwa anasoma masomo ya Biblia kanisani kila Jumapili, na aliogopa watu waseme binti wa mwalimu amevishwa dhahabu kama bibi harusi wa mjini. Nyeupe isingemtangaza mtu.

Daktari akauliza mtoto hula nini, kwa sababu ile nyeupe haiwezi vitu vigumu.

"Uji," baba akajibu bila kumgeukia Bibi. "Na wali laini."

Kwetu wali ulipikwa Krismasi na Pasaka. Bibi alipoona baba anajibu peke yake, alitaka kujua ameulizwa nini, akaambiwa. Basi akaeleza kwa Kimakonde, akinionyesha kwa kidole, kwamba mtoto huyu hula mahindi ya kukaanga, mihogo mikavu, korosho na mifupa ya kuku, na kwamba mwaka jana alitafuna kifungo cha kanzu ya kanisani ya baba yake.

Baba akamgeukia sista. "Mama anakubaliana nami."

Sista alimtazama kidogo, kisha akamwambia daktari maneno mengi, marefu kuliko ya baba mara kadhaa. Daktari akacheka, akaichukua ile kofia nyeupe akairudisha ndani ya boksi.

Halafu sista akamgeukia Bibi na kumwambia, kwa Kimakonde cha Newala kisicho na kasoro, kwamba kofia yoyote itatoka pamoja na jino, jino la utoto litakapong'oka lenyewe. Alikuwa amezalisha wanawake huko juu miaka mingi kabla ya kuhamishiwa Masasi.

Bibi alimkazia macho. "Kumbe umesikia yote."

"Yote, Mama."

"Na ya pua?"

"Na ya pua. Sikumwambia."

Baba aliangalia viatu vyake. Bibi, ambaye sijawahi kumwona akiona haya, alivuta kiti karibu na sista, na tangu hapo baba hakuwa na kazi tena. Wawili hao walimaliza shauri wenyewe. Jino likianguka sharti litupwe juu ya paa, Bibi alisema, na yeye hawezi kutupa dhahabu juu ya paa akasubiri majirani wapande. Iwekwe ya chuma.

Daktari alikuwa na mashine ya kukanyaga kwa mguu kama cherehani, na Bibi aliikubali kwa sababu alimheshimu fundi yeyote anayeshona. Yeye na sista walichogombania ni maji tu. Nilipewa glasi nisukutue na kutema. Bibi aliona maji safi, ya bure, yakielekea kwenye beseni, akaniamuru nimeze. Sista akasema tema, Bibi akasema meza. Mimi ningepanda tena uwanda ule na Bibi, si na sista. Nikameza.

Shuleni nikawa mtu mashuhuri. Wenzangu walinitaka nifungue mdomo wakati wa mapumziko, nikang'ata msumari, nikang'ata ufunguo. Siku moja wakanipa korosho mbichi na ganda lake, nami nikaipasua kwa jino la chuma mbele ya darasa zima. Mafuta ya ganda yakaniunguza mdomo, na kufika jioni mdomo wa juu ulikuwa umesimama mbele ya uso wangu kama kibaraza.

Mama alilia. Baba alitaka kujua nani alinituma. Bibi alinigeuza uso huku na huku kwenye mwanga, ndonya yake ikinikaribia, akaniangalia kwa muda mrefu, kwa mapenzi ambayo sikuwa nimeyaona siku nyingi.

"Sasa," akasema, "angalau unafanana na watu."