Riwaya Iliyonipeleka Kajiado

Ijumaa, katikati ya Agosti. Kitengela kulikuwa na manyunyu tangu alfajiri, yale yasiyolowesha nguo lakini hayaiachi ikauke, na upande wa viwanda vya simiti hakukuonekana kitu. Nawaandikia ninyi wenzangu wa jumuiya kwa sababu mmeniuliza kwa nini sikuonekana kanisani Jumapili ile, na wengine mmeshajijibu wenyewe. Mimi niliishia darasa la nane, kwa hivyo mkiona nimerudia jambo, mnivumilie.

Sababu ya kuondoka ni Naserian, mtoto wangu wa ubatizo. Mama yake alikuwa jirani yangu kwenye ploti hapa hapa Kitengela, kabla bwana yake hajajenga kwao, ng'ambo ya mji wa Kajiado. Naserian sasa ni msichana wa kidato cha pili, na Jumapili hiyo askofu alikuwa anakuja kigango chao kutoa kipaimara. Msimamizi wake ni mimi. Wakati wa Pasaka nilikuwa nimempelekea zawadi, riwaya moja niliyoipata kwa muuzaji wa vitabu vya mitumba karibu na soko. Inahusu padre. Nilikuwa nimeisoma yote kabla ya kumpa, kwa hivyo siwezi kujitetea kwamba sikujua kilichomo.

Alhamisi jioni Mama Naserian alinipigia simu. Hakusalimu.

"Mama Mwende, kitabu chako kimeniharibia mtoto. Anasema hasimami mbele ya askofu. Kuja uyatoe hayo maneno, maana wewe ndiye uliyaingiza."

Nikamwambia nakuja. Nitasema nini nikifika, hilo sikulijua.

Barabarani. Mutua, jirani yetu anayeuza chakula cha kuku, alikuwa anapeleka magunia Kajiado na pikapu yake, akanibeba. Tulipopita ploti za mwisho zenye nyumba za kupangisha, nyika ikafunguka pande zote mbili, na Mutua akataka kujua kitabu gani hicho kinamtoa mtu kwake na baridi hii.

Nikamsimulia. Kuna padre kijana katika mji mmoja kando ya ziwa. Mtu anakuja kitubioni anaungama kwamba ni yeye aliyechoma duka la jirani, na mtu mwingine asiye na hatia yuko jela kwa ajili ya moto huo. Padre anamsihi ajipeleke mwenyewe polisi. Yule mtu anakataa. Na padre haruhusiwi kutoa neno la kitubio nje, hata kwa hakimu, hata kwa mama wa mfungwa ambaye kila asubuhi anakaa benchi la mbele akimwombea mwanawe. Padre anaanza kumuuliza Mungu, Mungu hajibu, mwisho anashindwa kabisa kusali. Lakini misa anaendelea kusoma.

Mutua ni wa kanisa lingine. Alicheka akapiga usukani. "Nyinyi Wakatoliki! Hata dhambi mnaziwekea kabati na kufuli."

"Na kwenu je, hakuna siri?"

"Kwetu? Kwetu dhambi yako inatangazwa na maikrofoni." Halafu akapunguza mwendo. "Lakini huyo mama wa mfungwa. Ilikuwaje?"

Nikaona kitabu kimemshika hata yeye asiyekisoma.

Isinya tulisimama tukanywa chai. Hapo ndipo nilipojaribu maneno yangu. Nilifikiri nimwambie Naserian riwaya ni uongo tu, mtu alikaa kwake akatunga. Lakini mimi mwenyewe nililia juu ya ule uongo, nikiwa jikoni, sufuria ikaungua. Ningewezaje kumwambia mtoto ni kitu bure? Nikafikiri tena nimwambie atii wazazi na yaishe. Hiyo pia sikuipenda, kwa sababu angenitii, halafu aende kusema mbele ya askofu neno ambalo sisi ndio tumemlazimisha. Chai ikapoa.

Kajiado mjini jua lilikuwa limetoka. Nilinunua sukari, majani ya chai na unga, maana huwezi kuingia nyumba ya watu na maneno matupu, na boda boda akanipeleka kwa barabara ya vumbi hadi kwao.

"Takwenya!" Mama Naserian alinisalimu kutoka mlangoni.

"Iko!" nikaitikia. Angalau Kimaasai cha salamu bado ninacho.

Naserian akaja, akainamisha kichwa nikiguse kama ilivyo desturi yao, ila hakuniangalia usoni. Na kwenye kiti cha plastiki chini ya paa la mabati alikuwa ameketi katekista wa kigango. Kitabu kilikuwa mezani mbele yake, kimefungwa gazeti kama nyama.

"Mama Mwende," katekista alisema, "hiki kichomwe. Kinamtukana padre."

"Umekisoma, mwalimu?"

"Mtu haonji sumu ndio ajue ni sumu."

Niseme haki yake. Huyu bwana amefundisha watoto wa pale kila Jumamosi, jua au matope, kwa miguu. Naserian ndiye mwanafunzi wake bora, na alitaka askofu amwone. Alikuwa ameumia zaidi ya kukasirika. Lakini wakati ule mimi nilimwona mkaidi, nikamjibu vibaya, nikasema pengine anaogopa. Mama Naserian akaweka vikombe kwa kishindo.

"Nimekuita usaidie, si upigane na mwalimu ndani ya boma langu!"

Nikaomba msamaha. Kisha nikamgeukia msichana. "Naserian, sema wewe. Tatizo ni gani?"

"Anti, askofu atauliza kama nasadiki. Wote watasema nasadiki. Mimi sijui kama nasadiki ama nimezoea tu. Huyo padre alikuwa anasema maneno na ndani hakuna kitu. Mimi sitaki kuanza hivyo."

"Mnaona?" mama akasema. "Mnaona? Miaka yote huyu mtoto hajawahi kuniuliza swali."

"Nilikuwa nauliza, yeyo," Naserian akamjibu mama yake. "Ulikuwa unaniambia nichote maji."

Katekista akakohoa. Nadhani alikuwa anaficha kicheko, ila sina hakika, kwa hivyo nisimsingizie.

Saa kumi hivi Baba Naserian akarudi kutoka mnadani, fimbo mkononi, koti juu ya shuka. Alibatizwa akiwa mtu mzima, mwaka wa arusi yao, na maneno ya kanisani huwa anamwachia mke wake. Alitutazama mmoja mmoja.

"Boma limenuna hivi, kuna ng'ombe amekufa?"

Mke wake akamweleza. Akasikiliza hadi mwisho, halafu akauliza nani kati yetu amekisoma kitabu chote. Ni mimi na Naserian tu.

"Basi mnagombania habari ambayo sisi wengine hatujaisikia. Isomwe."

Naserian akakifungua kwenye gazeti, akaanza pale padre anapoitwa kwa yule mama wa mfungwa, ambaye sasa amelala mahututi. Kwao, mtu akileta habari, msikilizaji huitikia kila kipande, "ee," ndipo msemaji aendelee. Asipoitikiwa anajua habari haijafika. Baba Naserian akaanza kuitikia hivyo, kama vile padre ni mtu wa huko Bisil ambaye habari zake zimeletwa leo.

"Padre alifika mlangoni."

"Ee."

"Akasimama. Mafuta ya wagonjwa yalikuwa mfukoni, na moyoni mwake hakukuwa na sala hata moja."

"Ee. Ngoja. Huyo aliyechoma duka yuko wapi wakati huu?"

"Yuko kwake, papa. Anakunywa pombe."

"Mbwa!" Mama Naserian akasema. Tukamwangalia. Akaanza kukunja gazeti. "Si ni ukweli? Mama wa watu anakufa, na yeye anakunywa. Endelea."

Naserian akasoma jinsi padre alivyosimama mlangoni muda mrefu akitaka kurudi, kwa sababu aliona ni udanganyifu kuingia. Yule mgonjwa akasikia viatu vyake, akamwita ndani. Akaingia. Akampaka mafuta, akasoma maneno yote, na hakuhisi chochote. Yule mama akamshika mkono, akafa akiwa ameushika. Ukurasa unaishia hapo.

Katekista ndiye aliyeuliza, kwa sauti ndogo. "Baadaye imani yake ilirudi?"

"Kitabu hakisemi, mwalimu," Naserian akamjibu.

"Hakisemi? Kitabu gani hicho!"

"Lakini aliingia," Baba Naserian akasema. "Mimi nimesikia aliingia."

"Papa, aliingia bila kuamini!"

"Sasa kama alikuwa haamini kabisa, miguu ilimpeleka kufanya nini?"

Naserian hakukubali. Akanigeukia, na macho yake sasa yakawa kwangu kabisa. "Anti, na wewe? Wewe unasadiki yote?"

Hapo nilitamani kuwa Kitengela. Nikisema ndiyo, namdanganya mtoto niliyemshika siku ya maji ya ubatizo. Nikisema hapana, katekista atanitoa usimamizi, na mama yake hatanipigia simu tena maishani. Nilimwambia kama lilivyo. Kwamba kuna Jumapili nasema Nasadiki na naisikia hadi miguuni, na kuna Jumapili nafuata sauti za wengine kama mtu anayeshika ukuta gizani. Kwamba Baba Mwende alipokuwa amelazwa na figo, sikuweza kusali hata Salamu Maria moja, na ninyi wa jumuiya mkaja mkaketi sebuleni kwangu mkasali rozari, na mimi nilikuwa nawahesabia ninyi vikombe tu, nani hajapata chai. Sijui kama ile ni imani. Nilijua tu kwamba mkienda nitabaki peke yangu, na nilitaka mrudi kesho.

"Na walirudi?" Naserian akauliza.

"Walirudi."

Mama Naserian alikuwa ananikazia macho. Nikangoja nifukuzwe. Akasema, "Hayo yote na hujawahi kuniambia, Mama Mwende. Mimi nilidhani ni mimi pekee."

Katekista akavaa kofia yake, akatuambia kesho padre atakuwa kigangoni, Naserian aende amwambie mwenyewe alivyotuambia.

Jumamosi, kigangoni. Padre tulimkuta amekunja mikono ya shati, anasaidia vijana kufunga turubai la kivuli kwa wageni. Naserian akamweleza yote wima, bila kuteremsha sauti, nami nimesimama nyuma yake. Padre akafunga fundo lake kwanza.

"Hilo swali lako," akamuuliza, "ni la mtu anayeondoka ama la mtu anayetafuta?"

Naserian akafikiri. "Anayetafuta."

"Basi kesho simama nalo. Si waliomaliza kutafuta pekee wanaopewa Roho Mtakatifu. Lakini usiseme neno kwa sababu jirani yako amelisema. Ukihitaji kupumua, pumua."

"Na kama sitaweza?"

"Basi utanyamaza, na tutaongea tena. Hakuna atakayekufukuza hapa." Akaniangalia mimi. "Msimamizi, umesikia?" Nikasema nimesikia, kama mtoto wa shule.

Jumapili kanisa la mabati lilijaa hadi nje. Shanga, suti, watoto mgongoni. Wasimamizi tulisimama nyuma ya watoto wetu, mkono wa kulia begani. Bega la Naserian lilikuwa gumu kama ubao. Askofu, mzee wa sauti ya pole, akaanza kuuliza ahadi. Kila swali, watoto wote wakajibu kwa pamoja, nasadiki, na Naserian pamoja nao. Halafu akauliza lile la Kristo aliyekufa, akazikwa, akafufuka. Nasadiki ikapiga mabati ikaisha, na mimi, naona aibu kuandika, niliitikia bila hata kulisikiliza swali.

Bega lililokuwa chini ya mkono wangu halikuwa limeitikia.

Askofu akainua macho kutoka kwenye kitabu chake. Sijui kama alikuwa ameambiwa ama aliona tu, hakuharakisha. Mama fulani nyuma akaguna. Mimi sikumfinya wala sikumsukuma, mnijue hivyo, ingawa mkono ulitaka. Nikahisi bega linapanda kwa pumzi, likashuka, likalegea.

"Nasadiki," Naserian akasema. Peke yake, kanisa zima likisikia.

Askofu akainamisha kichwa kidogo, akaendelea na swali lililofuata.

Kurudi, jioni ileile. Mutua alinipitia Kajiado akitoka kwa shemeji yake. Kitabu sikurudi nacho. Mama Naserian amekianza ukurasa wa kwanza, na katekista ameshaweka foleni baada yake, ingawa anasema anataka kukikagua tu. Mnaniuliza nilijifunza nini. Naogopa kusema kubwa, maana kesho naweza kuamka silihisi tena. Ila nilienda nikidhani natakiwa kuyatoa maswali kwa mtoto, na sasa nasikia Nasadiki yangu ya miaka yote, jinsi ninavyoitoa haraka. Jumapili ijayo mkinisikia nimechelewa kuitikia, msifikiri nimelala.

Baba Mwende alikuwa amepika mwenyewe. Hakuuliza kitu hadi nilipovua viatu, ndipo akasema, "Alisimama?" Nikamwambia alisimama. Akapakua. Tulikula muthokoi na maharagwe, na parachichi moja tukagawana nusu kwa nusu.